Jiko Lenu Linalala Wapi?



Tunawaandikia kutoka wodini, tukiwa tumevaa sweta juu ya sare na soksi mbilimbili ndani ya viatu. Katika toleo hili hatutaanza na ugonjwa. Tutaanza na jua, maana mwezi huu wa sita jua lina matatizo kuliko wagonjwa wetu. Linachelewa kuamka, linawahi kulala, na mchana kutwa linatuangalia kwa mbali kama mkwe anayeona haya kuingia ndani.

JUA LINALOCHELEWA KAZINI

Saa yetu ya Kiswahili inafuata jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na kwa hiyo saa kumi na mbili tunategemea kuona jua linachomoza. Sasa toka nje leo saa kumi na mbili asubuhi pale Mbinga mjini. Utaona nini? Giza, ukungu, na mbwa wa jirani anayekushangaa. Jua lenyewe linachomoza karibu na saa moja kamili. Yaani linachelewa kazini kwa takriban saa nzima, na hakuna mkuu wa kazi anayethubutu kuliandikia barua ya onyo.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni majira. Dunia yetu inalizunguka jua ikiwa imeinama kidogo, kama mama aliyebeba ndoo kichwani na mtoto ubavuni. Tarehe 20 au 21 Juni kila mwaka, upande wa kaskazini ndio unaoinamia jua, na sisi wa kusini mwa Ikweta tunapewa mgongo. Siku hiyo ndiyo yenye mchana mfupi kuliko zote kwetu. Hapa Mbinga mchana huo una urefu wa saa 11 na nusu hivi. Mwezi wa Desemba, mambo yanapogeuka, tunapata mchana wa karibu saa 12 na dakika 45.

Sababu ya pili ni mahali tulipo. Saa zote za Tanzania zimepangwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita huko Somalia karibu na Mogadishu. Sisi tuko magharibi ya mstari huo kwa nyuzi kama 10, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Basi jua likishawaamsha ndugu zetu wa Dar es Salaam kwenye saa kumi na mbili na nusu, linahitaji karibu nusu saa nyingine kutufikia sisi. Hivyo msiwacheke wanafunzi wetu wanaofika shuleni wakipiga miayo. Wamesoma namba ya dunia kabla ya kufungua daftari.

Wale wa ufukweni, kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, wana udhuru wa ziada. Milima iko mashariki yao, kwa hiyo jua likishachomoza bado linapaswa kupanda ukuta ule kwanza. Faraja yao ni jioni, maana wao hulisindikiza jua hadi linapozama ziwani upande wa Malawi. Tena hapo kuna kichekesho. Malawi saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Asubuhi hii hii ambayo sisi tunaiita saa moja, mvuvi wa Nkhata Bay anaiita saa kumi na mbili. Jua ni lile lile, ziwa ni lile lile. Sisi tunasema limechelewa, wao wanasema limewahi kazini!

VITUKO VYA KIPUPWE

Siku hizi fupi zina vituko vyake, na sisi wauguzi tunaviona kuliko wengine kwa sababu watu hulazimika kuvua nguo mbele yetu. Wiki moja mzee mmoja alikuja kupimwa shinikizo la damu. Tulimwomba akunje mkono wa koti. Chini ya koti tukakuta sweta, chini ya sweta tukakuta shati, chini ya shati fulana mbili. Tulipoufikia mkono, alikuwa amechoka sana hata shinikizo likawa juu. Tulimpumzisha kwanza, ndipo tukapima tena.

Halafu kuna makoti ya mitumba. Yale makoti marefu yenye manyoya kwenye kofia yalishonwa kwa ajili ya watu wa theluji, lakini yamepata wito mpya kwenye milima ya Umatengo. Ukimwona babu anaingia shambani kukagua ngoro zake akiwa ndani ya koti kama lile, utadhani anakwenda kuvua samaki chini ya barafu.

Na kuoga? Hapo tuseme ukweli kwa upendo. Mwezi wa Juni wengi wetu tunaoga paspoti, yaani tunaosha sehemu ile tu inayoonekana kwenye picha ya pasipoti: uso, masikio na shingo. Akina baba ndio mabingwa. Mama akiuliza, baba anajibu kwamba maji yalikuwa ya moto sana ameyaacha yapoe. Yamepoa tangu Jumapili.

Misa ya kwanza nayo ina waumini wake wa kipupwe. Wapo katekista, bibi watano wa WAWATA ambao hawajawahi kushindwa na baridi wala na jambo lingine lolote, na sisi wa zamu ya usiku tunaosinzia kwenye benchi la nyuma. Misa ya pili, jua likishapanda, kanisa linajaa hadi mlangoni.

Tunacheka, lakini tukumbuke kwamba nafuu yetu ni kubwa. Wamisionari Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 walitoka Mtakatifu Ottilien, kule Bavaria kusini mwa Ujerumani. Kule, mwezi wa Desemba, mchana mfupi kuliko yote una saa 8 na dakika 20 tu hivi. Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, hauoni jua likichomoza kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake huko Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya watu wa nchi za namna hiyo kila majira ya giza yanapofika. Wagonjwa wake wengine hutibiwa kwa kukaa mbele ya taa kali kila asubuhi.

Sisi je? Tofauti kati ya siku yetu fupi na siku yetu ndefu ni kama saa moja na robo tu. Basi kijana asiyetaka kwenda kuchuma kahawa asituletee udhuru wa Norway. (Lakini mtu mwenye huzuni isiyoisha kwa zaidi ya wiki mbili, iwe Juni au Novemba, asichekwe. Aje tuzungumze naye.)

Kwa hiyo giza la Juni halituui. Kinachotuua ni baridi? Mara chache, labda kwa watoto wachanga. Ndugu wapendwa, kinachotuua ni kile tunachokiingiza ndani ili kuifukuza baridi, na hapo ndipo tunapotaka tuache kucheka kidogo.

USIKU TULIOOKOLEWA NA KIBOFU

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka zaidi ya thelathini iliyopita tulikuwa wanafunzi wa uuguzi, wasichana watatu katika chumba kimoja cha bweni. Ilikuwa Julai, baridi kali. Jioni tulipiga pasi sare zetu kwa pasi ya mkaa, na jikoni yakabaki makaa mazuri mekundu, yasiyo na hata chembe ya moshi. Tukaonana werevu. Tukaliingiza jiko chumbani, tukafunga dirisha, tukaweka taulo chini ya mlango, tukalala kama malkia watatu.

Usiku wa manane mmoja wetu alibanwa na mkojo. Alipoinuka, kichwa kilimgonga kama nyundo na miguu ikakataa. Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akaanguka nusu ndani nusu nje. Baridi ya nje ikaingia. Kelele za mlinzi aliyemwona zikatuamsha sisi wawili, tukitapika na kuyumba kama walevi. Mkufunzi wetu alipokuja hakutugombeza usiku ule. Alilitoa jiko nje, akatukalisha kwenye hewa safi na blanketi, akasema: "Mshukuruni Mungu kwa kibofu cha mwenzenu." Mpaka leo tukikutana sisi watatu, ambao sasa ni bibi wenye wajukuu, hatumsalimu yule kwa jina. Tunamwita Kibofu.

Sisi tulikuwa na kibofu. Si kila nyumba inakuwa nacho.

MAMA ALIYEZIBA KWA UPENDO

Miaka michache iliyopita, wakati wa mavuno ya kahawa, familia moja ilishinda siku nzima ikimenya na kuosha kahawa kwa maji baridi. Jioni vidole vyao vilikuwa vimekufa ganzi. Mama alikuwa na mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa na mafua. Alilichukua jiko la mkaa alilopikia maharage, akaliweka kwenye chumba cha kulala. Akaona matundu ya hewa juu ya dirisha yanapitisha baridi, akayaziba kwa vipande vya khanga, kimoja kimoja. Aliziba kwa upendo.

Asubuhi jirani alikuja kuazima mashine ya kumenyea kahawa. Alibisha hodi mara tatu. Kuku walikuwa bado wamefungiwa bandani, jambo ambalo halikuwa kawaida ya nyumba ile. Akasukuma mlango.

Walipoletwa kwetu, baba alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, watoto wawili wakubwa wanatapika, mama hajitambui. Sisi wenyewe tulianza kwa kudhani ni malaria kali, au wamekula chakula kibaya. Tulipima malaria: hakuna. Ndipo jirani akasema, "Dada, mle ndani kulikuwa na jiko." Tukakimbilia oksijeni. Wanne walipona. Mtoto wa miezi mitatu alikuwa ameshafariki kabla ya kufika.

Siku ya pili mama alipopata fahamu alituuliza swali moja tu: "Mbona nilimfunika vizuri?" Hatukuwa na jibu la kumpa kitandani pale. Lakini tangu siku ile, kila inapofika Juni, tunalitoa jibu lile kwa akina mama wote tunaowaona kliniki, ili mwingine asije akauliza.

HEWA ISIYOPIGA HODI

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni ni adui mwenye makelele: unakohoa, unalia machozi, unakimbia nje. Hewa ya mkaa ni mwizi anayevua viatu mlangoni.

Ndani ya damu yetu kuna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni na kuipeleka mwilini. Kifananishe na basi la kijijini. Kaboni monoksaidi ina nguvu ya kushika viti vya basi hilo mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa haishuki upesi. Oksijeni inabaki kituoni inapunga mkono, na ubongo na moyo vinaanza kufa njaa huku mapafu yanaendelea kuvuta pumzi kama kawaida. Aliyelala hupita kutoka usingizi wa kawaida hadi usingizi wa mwisho bila kushtuka. Mtoto aliye tumboni huumia zaidi, hata kama mama yake anaonekana ana nafuu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, miguu kuishiwa nguvu, kuchanganyikiwa, na mwisho kupoteza fahamu. Mnaona jinsi zinavyofanana na malaria? Basi shikeni alama hizi tatu:

Kwanza, nyumba nzima inaugua kwa pamoja asubuhi moja. Malaria haina desturi ya kuwaangusha watu wanne katika usiku mmoja.

Pili, mara nyingi hakuna homa.

Tatu, mtu anapata nafuu akishinda nje, halafu kichwa kinarudi akishalala ndani tena.

MASWALI MNAYOTUULIZA

"Dada, makaa yangu yakishakuwa mekundu bila moshi si salama?" La hasha! Moshi kuisha si dalili kwamba sumu imeisha. Makaa mekundu yanaendelea kuitoa.

"Je, nikiweka beseni la maji karibu na jiko?" Maji hayanasi hewa hii. Umepata beseni la maji ya uvuguvugu tu. Yaogee, ukiweza zaidi ya paspoti.

"Nikiyafunika kwa majivu?" Makaa yaliyofunikwa kwa majivu yanawaka polepole kwa hewa kidogo. Hiyo ndiyo hali inayozalisha sumu.

"Tukimnywesha maziwa aliyezidiwa?" Hapana. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa njia ya pumzi, na mtu asiyejitambua akinyweshwa chochote anaweza kupaliwa akafa.

"Na yule aliyewekewa kidude cha kidoleni akaonekana ana oksijeni ya kutosha?" Swali zuri. Vile vidude vya kawaida hudanganywa na hewa hii. Vinahesabu viti vilivyojaa, havijui nani kakalia. Kwa hiyo mkifika hospitalini semeni wazi: "Kulikuwa na jiko ndani." Maneno hayo manne yanaweza kuokoa maisha kuliko kipimo.

"Bibi yetu analala jikoni penye moto wa kuni, hatuwezi kumhamisha." Tunaelewa. Basi moto uzimwe kabisa kabla ya kulala, uwazi wa juu ya ukuta usizibwe, na mjukuu asilale upande wa moto. Kila mwaka tunapokea mtoto aliyebiringika usingizini. Kama bibi au mtoto ana kifafa, asiachwe peke yake na moto hata kwa dakika moja.

UKIKUTA WATU WAMEZIDIWA

Usiingie na kukaa ndani kuwaamsha. Fungua mlango na dirisha, vuta pumzi nje, waburute watu watoke kwenye hewa safi, kisha utoe jiko. Wafunike blanketi wakiwa nje. Asiyejitambua lakini anapumua mlaze kwa ubavu. Tafuteni usafiri mara moja, hata kama wanasema wamepata nafuu. Kwa hewa ya kawaida sumu hii huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni nyingi ya hospitalini hupungua nusu kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Ndiyo maana haraka ina thamani. Mama mjamzito aje hata kama anajisikia mzima.

JOTO LISILOUA

Mtatuuliza: sasa mnataka tugande? Hapana. Mwili wenyewe ni jiko zuri. Kazi yetu ni kulitunza joto lake.

Oteni moto nje jioni, pamoja, mkisali na kusimuliana hadithi. Mkiona usingizi, zimeni moto, ingieni ndani bila jiko.

Kuleni kabla ya kulala. Ugali wa mahindi na maharage huku milimani, ugali wa muhogo na usipa kule ziwani, uji wa moto kwa watoto na wazee. Tumbo tupu halina kuni.

Vaeni kofia na soksi kitandani. Tandikeni mkeka, gunia au blanketi moja chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka sakafuni. Watoto walale pamoja.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa ni rafiki mwema wa miguu ya babu. Kwa mtoto mchanga msiitumie, itamuunguza.

Mtoto mchanga joto lake ni kifua cha mama. Avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe ngozi kwa ngozi, kisha mfunikwe wote wawili. Baba naye ana kifua, hatumnyimi nafasi. Na aliyezaliwa asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, hata kama bibi mzaa baba amefika na beseni lake.

Pombe ya kienyeji haileti joto. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia uvuguvugu, kumbe joto la ndani linatoroka. Aliyelewa akalala njiani usiku wa Julai hapa milimani yuko hatarini kweli. Na fedha za kahawa zina kazi nyingine.

Huku milimani baridi inazidi kwa sababu ya urefu. Ziwa liko mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu sana kuliko hapo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa karibu digrii 6. Kwa hiyo anayepanda kutoka Mbamba Bay kuja hospitalini na mtoto asubuhi, abebe blanketi moja zaidi ya alilodhani linatosha.

KIKOHOZI CHA MTOTO

Siku za kufungiana ndani mafua yanazunguka nyumba nzima. Mengi huisha yenyewe. Lakini tafadhali mama, hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukitazama saa ya simu. Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi chini ya mwaka mmoja: 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano: 40 au zaidi. Kama kifua kinaingia ndani anapovuta hewa, au hanyonyi, au amelegea, msingoje kuche. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na nimonia haisubiri foleni ya kahawa.

Na aliyeungua moto: maji safi ya kawaida, yakitiririka juu ya kidonda kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Yai mpikie akipona.

KAZI YA JUMUIYA

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Kuanzia siku ile ya tarehe 20 au 21 Juni mchana unaanza kurefuka tena, dakika kwa dakika. Msitegemee kuona tofauti asubuhi mapema. Hapa kwetu jua litaendelea kuchelewa hadi katikati ya Julai. Lakini jioni tazameni, mtaona mwanga unakawia kidogo kuondoka. Wenzetu wa kaskazini ifikapo tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, siku zao zinaanza kupungua. Zetu zinaongezeka. Mara moja moja wa kusini nasi tunatangulia.

Kati ya leo na mwezi wa nane, tunaomba jambo moja kutoka kila Jumuiya Ndogo Ndogo. Kwenye mkutano wenu wa wiki hii, baada ya sala na kabla ya matangazo ya michango, mwenyekiti amuulize kila mwenye nyumba swali hili: "Jiko lenu linalala wapi?" Jibu sahihi ni moja tu: nje. Atakayejibu "chumbani" asiaibishwe. Asindikizwe nyumbani jioni hiyo hiyo, jiko litolewe, matundu yazibuliwe, na kama tatizo ni kukosa blanketi, jumuiya imtafutie. Blanketi moja la mtumba ni rahisi kuliko jeneza. Wajane na wazee wanaoishi peke yao watembeleweni kwanza. Na kama kuku wa jirani bado wamefungiwa jua likiwa limepanda, msipite tu. Bisheni hodi. Wasipoitika, sukumeni mlango.

Sisi tutakuwa hapa wodini, na sweta zetu. Njooni kutusalimu mkiwa wazima.

Tukutane toleo lijalo. Afya njema, na kipupwe chema!